Makofi Mlangoni, Sisi Tumelala Pozi la Maiti

Rafiki yangu Jenifa halali chali tena.

Analala ubavu, tena kwa shida, uso kauelekeza mlangoni. Ukimuuliza anakwambia akilala chali anasikia makofi.

Siyo makofi ya kumzaba mtu. Ni makofi ya kubisha hodi.

Nawasimulia haya kwa ruhusa yake. Aliniambia, "Brightness, wewe una mdomo, waambie." Basi ndiyo nautumia huo mdomo. Anayetafuta stori ya kumchangamsha jioni hii apite tu kiroho safi, sitamlaumu.

Mimi ni mtu wa Rungwe, nauza mitumba hapa Sumbawanga na nakaa mtaa wa Izia. Jenifa ni jirani yangu. Ameolewa na mtu wa kwetu, Ebenezer, mwalimu wa sekondari, mpole mpaka anakera. Jenifa mwenyewe ni Mfipa wa damu, mtoto wa mkulima wa mahindi na ulezi kijiji kimoja kule juu.

Nilianza kumjua kwa makofi.

Sisi wengine tukifika kwa mtu tunagonga geti na kupayuka hodi. Jenifa, mwanamke wa mjini mwenye simu kubwa, alikuwa anachuchumaa nje ya mlango wangu, anakunja viganja kidogo, anapiga makofi taratibu, halafu anasubiri. Haongei. Nilimcheka sana. Nilimwambia iko siku atachuchumaa hapo mpaka aote mizizi wakati mimi niko sokoni.

Akanieleza kwamba ndivyo baba yake alivyomlea. Mdogo anamchuchumalia mkubwa, anapiga makofi, mkubwa anaitikia, ndipo maneno yanaanza. Usipoitikiwa huna ruhusa ya kusema kilichokuleta. Unanyanyuka unaenda zako.

Nikamuuliza kama mkubwa naye huwa anamchuchumalia mdogo. Akacheka, akasema hajawahi kuona.

Shikeni hapo, tutaparudia.

Jenifa alizaa mtoto mmoja tu, Faith. Katoto kalikuwa na mashavu hayo, ukikabeba unasahau wateja. Kakaugua kifua msimu wa baridi, na baridi ya Sumbawanga mnaijua. Hakakufika hata kutambaa.

Kwa taratibu zetu mtoto angesafirishwa akazikwe kwa kina Ebenezer. Ila baba yake Jenifa, Mzee Raphael, alisimama mbele ya watu akasema huyu mtoto asihangaishwe na barabara, atalala shambani kwake na yeye atamtunza. Ebenezer akakubali. Mzee alichimba kaburi kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya mazishi Jenifa akabaki kwa baba yake, na usingizi ukamkimbia.

Simaanishi alikuwa analala kidogo. Alikuwa halali kabisa. Anazunguka uani mpaka kunakucha. Mama yake, marehemu Kalista, alishatangulia zamani, kwa hiyo mle ndani alikuwepo baba mtu tu. Mzee akisikia hatua anatoka na koti lake, anawasha moto, anakaa naye. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na swali moja tu kila asubuhi.

"Umelala?"

"Hapana, Baba."

Basi. Anachukua jembe anaenda shamba.

Jenifa aliporudi mjini bado alikuwa vilevile, kakonda mpaka nguo nilizomuuzia zinamkimbia mwilini. Siku moja akakutana na video ya yoga kwenye simu. Mwanamke amekaa chini, anavuta pumzi, anaitoa, anajinyoosha, mwishoni analala chali anatulia. Jenifa akafuatisha pale sebuleni, akalala chali kama yule mwanamke, akapitiwa na usingizi mpaka Ebenezer aliporudi kazini akadhani mkewe amezimia.

Kuanzia hapo hukumwambia kitu kuhusu yoga. Ilikuwa ndiyo dawa yake.

Lile pozi la mwisho wanaliita pozi la maiti. Siyo jina langu, ndivyo Wahindi wa kale walivyoliita. Unalala chali, mikono pembeni, viganja juu, macho umefunga, unakuwa kama umekufa huku unapumua. Jenifa alisema ndipo mahali pekee ambapo kifua chake kinakubali kuachia.

Sasa hapo ndipo alipokosea, kama kosa ni neno lenyewe.

Alienda kijijini kumwona mwanae. Alfajiri akatandika mkeka pembeni ya kaburi la Faith, akajifunika shuka jeupe kwa sababu ya ubaridi, akalala pozi la maiti. Alitaka tu apumue karibu na mtoto wake.

Wanawake wakapita kwenda shamba wakamwona.

Jamani, hii ni Sumbawanga. Mikoa mingine wanavyotutania kuhusu mji huu na uchawi mnajua wenyewe. Mtu kalala makaburini, alfajiri, kajifunika shuka jeupe, halafu anainuka taratibu na kujinyoosha mikono juu. Mpaka jua linapanda, kijiji kizima kilikuwa na habari.

Na Mzee Raphael alikuwa katekista. Ndiye aliyefundisha watoto wa pale sala zao zote. Wakamwita kwenye kikao cha kigango, kanisa lao la pale kijijini, wakamwambia kwa heshima apumzike kwanza kufundisha mpaka mambo ya binti yatakapoeleweka. Mzee akarudi nyumbani akamkuta Jenifa anakunja mkeka.

Jenifa alinisimulia maneno ya siku ile neno kwa neno.

"Hicho kitu ukiache. Mpaka utakapokiacha, hapa kwangu usikanyage."

"Baba, hicho kitu ndicho kinachonilaza."

"Basi kalale hukohuko kinakokulaza."

Kumfungia nyumba ilikuwa ni kumfungia na kaburi. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelisema. Jenifa alipanda gari la kurudi mjini bila kuaga, na mwaka ukapita hajakanyaga kule.

Ebenezer alijaribu kusuluhisha akashindwa. Mimi nilijaribu kwa mdomo wangu huu, nikafika mpaka kwa mzee na kilo mbili za sukari. Alinipokea vizuri, akanilisha uji wa ulezi wenye harufu ya kuungua. Tangu mkewe afariki alikuwa anakaanga ulezi mwenyewe kabla ya kusaga, na kila mara anauunguza, kijiji kizima wanamtania. Nilipotaja jina la Jenifa akaniuliza kitu kimoja tu.

"Analala siku hizi?"

Nikamwambia analala, kwa yoga yake. Akanyanyuka akaenda kufunga mbuzi.

Ndipo likaja suala la kozi.

Kulikuwa na mwalimu anaitwa Edith, mtu wa Arusha, alisoma yoga India miaka kadhaa. Akapata wafadhili wa kufundisha wanawake wa mikoani wawe walimu wa yoga, akakodi nyumba ya wageni kule Kipili, ziwani, ili watu wakae mbali na makelele. Jenifa akaomba nafasi. Akaniandikisha na mimi bila kuniuliza, eti mgongo wangu unalalamika sana. Nisiwadanganye, mimi nilifuata samaki wa migebuka na joto la ziwa.

Yeye alifuata kingine.

"Nataka cheti," aliniambia tukiwa njiani, tumeshapita Namanyere gari linateremka kuelekea ziwani. "Baba anaheshimu mtu aliyesomea kitu. Nitamwekea mezani akisome mwenyewe. Ataona ni elimu, siyo uchawi. Ataniruhusu nimwone mwanangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake. Mengine yote mnayoyaona kwenye picha za yoga, maua na mishumaa, kwake hayakuwa na kazi.

Kozi ilikuwa ngumu, asikudanganye mtu. Tunaamka jua halijatoka, tunavuta pumzi kwa tundu moja la pua, tunaitoa kwa jingine. Baadaye mapozi. Nyonga zangu ziligoma kuanzia siku ya kwanza na Edith akazoea. Mchana tunasoma mifupa na misuli, jioni falsafa. Kisha kila mmoja anasimama mbele anawafundisha wenzake, anasahihishwa mpaka jinsi anavyovuta neno.

Jenifa alikuwa moto wa kuotea mbali. Sauti yake ilikuwa inakulaza hata kama una deni benki. Wanafunzi wenzetu waliotoka miji mikubwa wakaanza kumfuata pembeni wamuulize maswali.

Falsafa ndiyo ilimkamata zaidi. Edith alitufundisha kwamba yoga siyo kujikunja tu. Kuna miiko kwanza. Usidhuru. Usiseme uongo. Usishikilie. Nikamnong'oneza Jenifa kwamba mbona ni kama amri za Mungu tu, baba yako angezipenda hizi. Akatabasamu kidogo.

Kwenye huo mwiko wa kutoshikilia, Jenifa akanyoosha mkono.

"Mtu aliyekukataa, naye unamwachia vipi?"

Edith akafikiri. Alikuwa mwalimu mzuri, na sitaki mtu amtukane kwenye koment. Alimjibu kwamba kuachia siyo kumsahau mtu, ni kuacha kumvuta. Ukiacha kuvuta, kamba inalegea pande zote mbili.

Jenifa alikaa na jibu hilo siku nyingi. Naona hata leo bado amekaa nalo.

Karibu na mwisho ikaja wiki ya ukimya.

Utaratibu ulikuwa hivi. Hakuna kuongea. Hakuna kuandikiana vikaratasi wala kukonyezana. Simu zote zikaingia kwenye ndoo ya plastiki, Edith akaifunika na kuondoka nayo. Yeye pekee alibaki na simu, na familia zetu zilikuwa na namba yake kwa dharura. Hata mpishi wetu, Mama Adela, mwanamke wa palepale Kipili, aliambiwa asiongee karibu na ukumbi.

Edith akatuonya. Alisema akili ikinyimwa maneno huanza kukuletea sauti. Utasikia mtoto analia, utasikia unaitwa jina, utasikia sauti za nyumbani kwenu zilizo wazi kabisa. Msizifuate. Sauti inakuja, iacheni ipite. Mwalimu wa yoga ni yule anayesikia na hanyanyuki.

Mimi ukimya uliniua. Nilikuwa naenda ufukweni kuwanong'oneza bata. Jenifa alizama kabisa, ukimwona unajua yuko mahali ambapo hujawahi kufika.

Siku moja katikati ya wiki ile, asubuhi jua limeshachangamka, tulimaliza mapozi tukalala pozi la maiti. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kuruhusu upepo wa ziwa. Tumejipanga kwenye mikeka, mashuka mpaka kifuani, macho yamefungwa. Mimi nisiwafiche, nilikuwa nimelala usingizi wa kweli, wa kukoroma.

Jenifa alikuwa macho ndani ya utulivu wake. Akasikia makofi.

Yalikuwa makofi ya viganja vilivyokunjwa. Taratibu. Yakanyamaza. Yakalia tena. Makofi ya kwao kabisa, hapo Kipili, kwenye mlango wa ukumbi wa yoga.

Baadaye aliniambia moyo wake ulidunda mpaka akahisi mkeka unatikisika. Mwili wote ulitaka kuitikia, maana kwao makofi hayaachwi hewani. Halafu akakumbuka somo. Akili inamletea nyumbani. Na aliijua sababu: nyumbani kwao alikatazwa, ndiyo maana akili inamletea huko.

Akavuta pumzi. Akaitoa. Akayaacha yapite.

Makofi yakalia mara nyingine, polepole kuliko mwanzo. Kisha kukawa na mawimbi tu.

Machozi yalimtoka kwa pembeni yakaingia masikioni, lakini hakusogeza hata kidole. Aliniambia alijiona ameshinda.

Kesho yake asubuhi Mama Adela akatuandalia uji wa ulezi. Ilikuwa ajabu, maana kule ziwani sisi tulikuwa tunalishwa uji wa muhogo. Nikaonja. Ulikuwa na harufu ya kuungua kidogo, na mimi kwa ulafi wangu nikamaliza bakuli nikaongeza.

Jenifa alionja kijiko kimoja akakiacha mdomoni. Nilimwona. Aliganda, macho kayatoa kama mtu aliyemezeshwa moto. Akageuka kumtazama Mama Adela, midomo ikafunguka, halafu akaifunga. Hakuna kuongea. Akainama akanywa ule uji wote, polepole, mpaka wa mwisho.

Nikadhani ni mambo yake ya falsafa.

Wiki ikaisha. Edith akagonga kengele ndogo, akatuambia tuongee. Watu wakalipuka kwa vicheko, wengine vilio. Tukakaa kwenye duara kila mtu aeleze alichokutana nacho. Jenifa akasimulia makofi, akasimulia na uji, kwamba akili yake ilimletea baba yake mpaka mdomoni. Akasema kwa mara ya kwanza aliweza kumwacha apite, bila hasira.

Edith akapiga magoti mbele yake akamshika mikono.

"Hii ndiyo yoga," alituambia. "Mwangalieni mwenzenu. Alisikia na hakunyanyuka."

Tukampongeza. Na mimi nilikuwemo, tena nilipiga kelele kuliko wote.

Tulikuwa bado tumekaa vile, simu ya Edith ikaita. Alisikiliza, akatazama chini, akamtazama Jenifa, akampa simu.

Alikuwa Ebenezer. Mzee Raphael alikula mchana wa jana yake, akasema anajinyoosha kidogo, hakuamka.

Sitaeleza tulivyopanda kutoka Kipili. Jenifa hakulia. Alikuwa anaitoa pumzi kama tulivyofundishwa, anahesabu, anarudia. Edith alitafuta gari akatusindikiza mpaka tulipoanza safari. Tukiwa tunapanda milima, Jenifa akawasha simu yake, ujumbe ukaanza kuingia. Mmoja ulikuwa wa Ebenezer wa siku kadhaa nyuma. Ulisema Mzee amepita Izia, anasema ukimaliza huko urudi nyumbani, yameisha.

Alinionyesha. Nikausoma mara mbili nikamrudishia.

"Amenisamehe," alisema. "Amenisamehe na sijamwona."

Nilidhani hapo ndipo chini kabisa pa shimo. Kumbe bado.

Tulifika mazishi yakiwa yanasubiriwa yeye tu. Kaburi lilichimbwa pembeni ya Faith. Kigango kizima kilikuwepo, na walewale waliomsimamisha mzee walibeba jeneza. Jenifa akamzika baba yake akiwa amesimama wima, na watu wakasema huyu binti ana roho ngumu.

Jioni watu wamepungua, tumekaa uani, akaja Loth. Loth ndiye mdogo wake Jenifa, mtu mzima, ana pikipiki yake na mke. Akachuchumaa mbele ya dada yake akapiga makofi. Jenifa akaitikia. Loth akaanza kulia kabla hajasema neno.

Nitawaandikia alichosema kadiri ninavyokumbuka.

"Dada, mimi nimeshindwa kukaa nalo hili. Baba nilimpeleka Kipili mimi."

Jenifa akamtazama.

Loth akaeleza. Mzee alikuwa amebanwa na kifua tangu mavuno, hakutaka mtu ajue. Akaja Izia kumtafuta Jenifa, akaambiwa yuko Kipili. Ebenezer alitaka kumpigia simu Edith. Mzee akamkataza, akasema neno hili siyo la simu, na msimwambie nakuja, atajiandaa kugombana. Akapanda pikipiki ya Loth, na kifua kile, na salfeti la unga wa ulezi mapajani, kwa sababu kwao anayekuja kumaliza ugomvi haji mikono mitupu.

Walifika asubuhi. Wakaona ukumbi mlango wazi.

"Tukachungulia, Dada. Mmelala safu, mmefunikwa. Mimi nilidhani ni maiti, nikataka kukimbia. Baba akaniambia tulia, wanapumua. Akakuona. Akachuchumaa pale mlangoni."

"Nani alichuchumaa?"

"Baba. Alikuchuchumalia wewe. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kumwona anamchuchumalia mtoto. Akapiga makofi. Hukuitika. Akapiga tena. Akatokea mama mmoja wa jikoni, akaweka kidole mdomoni kutuashiria tunyamaze."

Jenifa alikuwa ameshika ukingo wa kiti.

"Nikamwambia Baba, nimwite kwa jina? Akanishika mkono. Akasema mwache. Akapiga tena kidogo, halafu akawa anakutazama tu. Akatabasamu, Dada. Akasema, 'Amelala. Si unaona, amelala kabisa. Msimwamshe.' Akauacha unga kizingitini, tukaondoka. Tulipopita tena Izia ndipo akamruhusu shemeji akuandikie kwamba yameisha. Njia nzima anaongea, na wewe unajua hakuwa mwongeaji. Alipofika hapa alimwambia kila aliyemwona kwamba binti yangu analala siku hizi."

Uani pale palikuwa na watu bado.

Jenifa akasema kwa sauti ndogo sana, kama anamsahihisha Loth, "Nilikuwa macho."

Kisha akarudia. Akarudia tena. Ebenezer akamkumbatia, mimi nikamshika miguu, na ile pumzi yote ya kozi haikumsaidia kitu. Ule ukelele aliotoa sijausikia tena, na siutaki.

Hayo yametokea, na maisha yameendelea kwa namna yake.

Cheti kilikuja kwa basi, kizuri, kina muhuri na jina lake lote. Kiko kabatini Izia chini ya mashuka. Darasa alilotaka kulifungua halikufunguliwa. Mikeka aliyopewa alinigawia mimi, mmoja naupangia viatu vya mitumba, mwingine jirani anaanikia maharage. Edith anapiga simu, analia, anaomba msamaha, na Jenifa anamjibu vizuri kwamba hakuna ubaya, kila mtu alifanya alichofundishwa. Halafu anakata simu na kukaa.

Usingizi umeondoka tena, na safari hii hauna dawa, maana dawa yenyewe ndiyo ilikuwa ile. Akilala chali makofi yanaanza. Akikaa macho hakuna wa kutoka na koti akamwashia moto.

Watu wanamwambia baba yako alikufa na amani, aliondoka anatabasamu. Hata mimi niliwahi kumwambia hivyo. Akanijibu kwamba amani ile baba yake aliipata kwa uongo, na aliyemdanganya ni yeye, kwa kulala kimya.

Kama wewe unalo jibu niandikie, nitampelekea.

Kukanyaga kule kijijini sasa anakanyaga anavyotaka, hakuna wa kumzuia. Mara ya mwisho nilimsindikiza mimi, ulezi ukiwa umeshavunwa, upepo wa kule juu unakata masikio. Nilidhani atalala kidogo pembeni ya mtoto wake. Hakuenda hata upande ule. Alichuchumaa mbele ya kaburi la baba yake, akakunja viganja, akapiga makofi taratibu.

Akasubiri.

Akapiga tena, akasubiri. Nilikaa pembeni najifunga khanga vizuri kwa ajili ya ubaridi. Jua lilisogea mpaka nikaanza kuwaza gari la mwisho la kurudi mjini. Nikamgusa bega, nikamwambia shoga yangu, sema ulichomletea baba, twende.

Akatikisa kichwa bila kunitazama.

"Siwezi kusema," alinijibu. "Sijaitikiwa bado."

Najua hapa ndipo mnaposubiri funzo. Ninalo moja tu na ni dogo. Ukisikia mtu anabisha mlangoni kwako, nyanyuka ukamtazame ni nani, hata kama uko katikati ya sala zako, hata kama umeambiwa ni mawazo tu. Utulivu utaurudia baadaye, upo siku zote. Yule wa mlangoni anaweza akawa ndiyo anaondoka.